Satwa Tulikwisha Kukupa

Bi Zuhura,

Shikamoo. Marahaba yako naikumbuka ilivyokuwa, unaivuta mpaka mtu anaona haya kwamba amechelewa kukuamkia. Basi nitafanya kama nimeitikiwa.

Nakuandikia nikiwa Discovery Gardens, hapa hapa Dubai, mezani jikoni kwangu. Leo ni Ijumaa. Watoto wametoka sasa hivi na zulia langu limejaa shira ya kaimati. Bi Maimuna, mke wa Bwana Swaleh, ndiye anayezileta siku hizi. Aliapa mwenyewe kwamba hazifikii zako. Mimi nikamwambia kweli hazifikii, akaninunia mpaka wakati wa kuondoka. Lakini sinia limerudi tupu.

Umesikia nilivyosema? Watoto wametoka kwangu. Darasa lako liko hai, Bi Zuhura. Ni moja, halijakatwa vipande, na linafundishwa kwa Kiswahili. Nina fahari ambayo sijui pa kuiweka. Mume wangu amechoka kunisikiliza, nimeona sasa nikuchoshe wewe.

Unakumbuka nilivyofika kwako? Ilikuwa simu ya mama yangu. Alipiga kutoka Songea akaomba kuongea na mjukuu. Neema wangu, aliyezaliwa hapa hapa na kusomeshwa kwa Kiingereza tangu chekechea, alishika simu, akamwambia bibi yake "fine", akanirudishia. Mama akaniuliza, "Mwanangu, mtoto amesemaje?" Kesho yake nilikuwa saluni namsuka mke wa mwanao Nassor, na machozi yananidondoka kwenye kichwa cha mteja. Akageuka akaniambia mama mkwe wake anafundisha watoto kila Ijumaa, sebuleni, nyuma ya mafundi cherehani wa mtaa wa Satwa, bure.

Nilidhani nitakuta nyimbo na salamu. Nikakukuta unafundisha hesabu za sehemu kwa machungwa, asili chini, kiasi juu, na watoto wa Dubai wanakujibu kwa Kiswahili hali midomo imejaa mbegu. Nikakuambia, Bi Zuhura, mimi nataka tu Neema ajue Kiswahili. Ukanitazama juu ya miwani. "Mimi sifundishi Kiswahili, mwanangu. Nafundisha hesabu, nafundisha ramani, nafundisha jinsi mvua inavyofanyika. Kiswahili ndicho ninachofundishia. Hivyo ndivyo nilivyofanya skuli Unguja mpaka nikastaafu, na hapa sibadilishi."

Na ni kwa hilo walikuandama.

Bwana Swaleh alikuwa upande mmoja. Mchana kutwa yuko sokoni Naif ananunua mapazia na vyombo vya kupeleka Mombasa, lakini Ijumaa alikuwa na nafasi ya kukukosoa. Alitaka watoto wafunzwe kwa Kiarabu. "Tumekaa na Waarabu, twasali kwa Kiarabu, sasa haki ya Mungu twawafunza watoto kwa lugha iliyoandikwa na mapadri?" Upande wa pili alikuwa Baba Kelvin, mtu wa Arusha, mpokeaji wageni hotelini, tai yake haifunguki hata kwenye joto la Agosti. Yeye alitaka Kiingereza. "Jamani tuwe wakweli, nani atamwajiri mtoto kwa vitendawili? Na tunaanza na vitendawili, tutaishia madrasa."

Basi wewe mmoja ukawa padri kwa huyu na ustadhi kwa yule. Ulikuwa unacheka mpaka unashika mbavu. Ila siku moja tunakunja jamvi hukucheka, ukasema hukuogopa kutukanwa, uliogopa watoto wakizoea kukaa vikao viwili hawatarudi kwenye kimoja. Sijasahau sura yako siku ile.

Nikikumbuka vita vya dua nacheka peke yangu. Hapa hata sisi Wakristo tunasali Ijumaa, maana ndiyo mapumziko, kwa hiyo wote tulikuwa tunafika kwako tumetoka ibadani, wenye kanzu na wenye magauni ya misa, kila mmoja amejaa utakatifu. Ukaona haki ni kufungua darasa kwa Fatiha, kisha Baba Yetu. Ijumaa iliyofuata Bwana Swaleh akaongeza sura. Baba Kelvin naye akaongeza zaburi. Wakaendelea kuongezeana hivyo hivyo hadi siku moja darasa lilikwisha kabla hatujasema amina ya mwisho, na watoto wamelala kwenye mikeka. Hapo ndipo ulipoinuka ukaweka sheria yako. "Viatu vinabaki nje, na dua zenu zimalizwe huko huko kwenye viatu. Humu ndani tunafungua kwa kitendawili."

Tangu siku ile ukiita "Kitendawili!" nyumba nzima inaitika "Tega!", wazazi kwa watoto, na hakuna aliyeweza kusema neno lile ni la msikiti au la kanisa.

Tena ulikuwa mkali na mchezo wako. Walioshindwa kutegua ni lazima watoe mji, na aliyepewa mji anausafiri kwa maneno yake, anatuambia alipokelewaje na alikula nini, na hakatizwi mpaka afike kwenye jibu. Unakumbuka Kelvin alipokupa Arusha, halafu akalia anataka arudishiwe kwa sababu bibi yake yuko huko? Ulimpangusa makamasi kwa ncha ya khanga. Hukumrudishia. "Mji ukishatolewa haurudi, mjukuu wangu. Tafuta mwingine."

Nisamehe, nimefika pagumu.

Hospitalini ulikuwa umebaki macho na mikono. Nilikuja na Neema. Nilidhani utatupa wasia, wewe ukasema kwa sauti ya kukwaruza, "Kitendawili." Neema akaitika. "Nyumbani kwangu kuna ngazi ya kupandia tu, ya kushukia hakuna." Tukashindwa. Tukakupa Songea, ukatikisa kichwa. Tukakupa Unguja, ukakataa hata kwenu. Dodoma, Kigoma, Nairobi, zote ukakataa, na unatabasamu. Ukasema, "Mnanipa miji msiyokaa." Kisha muuguzi akaja kututoa. Na hatukupata tena kuongea.

Walikuzika siku ile ile uliyofariki. Wanawake hatukwenda makaburini, hilo unalijua. Kwenye khitma Bi Maimuna alinitupia mtandio na kunikalisha ubavuni mwake kama ndugu. Neema aliwapigia simu wenzake mwenyewe, mmoja mmoja. Nilimsikia chumbani akisema, "Bibi Zuhura ametutoka." Ametutoka, Bi Zuhura! Sikumfundisha mimi. Nililia kwa kukupoteza, na papo hapo nikaona fahari, nikajishangaa.

Baada ya arobaini mambo yakaharibika haraka. Watu walipita Satwa wakiandika namba kwenye kuta za nyumba zitakazovunjwa, na yako ikaandikwa. Nassor akapata nyumba Sharjah. Wazazi wakaitana sebuleni kwako mara ya mwisho kuamua darasa. Tulikaa chini, makochi yameshauzwa, na watoto wakaambiwa wasubiri ngazini.

Hutaamini nililoliona. Bwana Swaleh na Baba Kelvin, ambao hawajapata kukubaliana hata kuhusu joto, walikubaliana. Wagawane. Watoto wa Kiislamu waende Naif, wapate ustadhi wa kuwafundisha kwa Kiarabu. Watoto wa Kikristo wakutane kwetu Discovery Gardens, wafundishwe kwa Kiingereza. "Khalas," akasema Bwana Swaleh, "kila mtu na njia yake, bila ugomvi." Wakapeana mikono, na watu wakaanza kutafuta funguo za magari. Yale uliyoyaogopa yalikuwa yanatokea kwenye sebule yako, na yanatokea kwa heshima na tabasamu.

Mimi si mtu wa kuhutubia. Nilijua nikisema "ndugu zangu, naomba tufikirie" watanikata kabla sijafika kwenye fikira yenyewe. Nikasimama, nikaita kwa sauti yako, "Kitendawili!"

"Tega!"

Wote. Bwana Swaleh aliitika akiwa ameshainuka nusu, na kwa jinsi alivyojishika kilemba niliona amejikasirikia. Lakini kuitika ameshaitika, na aliyeitika hukaa. Akakaa.

Nikawategea ngazi yako. Bwana Swaleh akasema ni lifti ya jengo lao Naif, inapanda halafu inakufa. Baba Kelvin akasema, "Kodi ya nyumba!" Nyumba nzima ikaangua kicheko, maana kodi za Dubai kweli zinapanda tu, na nusura nimkubalie. Nikasema sivyo. Wakahangaika, wakabishana, Baba Kelvin akalegeza tai. Wakasalimu amri. Nikawaambia, nipeni mji. Bwana Swaleh akanipa Mombasa, nikakataa. Baba Kelvin akanipa Arusha. Nikamwambia Arusha ilishatolewa na mwanao.

Mlango ukafunguka. Rukia, binti wa Bwana Swaleh, alikuwa amesikiliza tangu mwanzo, na nyuma yake wamebanana watoto wote, Neema na Kelvin mbele. Rukia akasema, "Tunakupa Satwa."

Nilielewa kwa nini uliikataa Unguja.

Nikaipokea. Na mwenye mji hakatizwi, ni sheria yako, kwa hiyo nilisafiri, mama. Nilisema nilikwenda Satwa nikampata mwanamke wa Unguja, akanivua viatu, akanilisha kaimati. Nilisema watu wa Satwa wana watoto ambao shuleni wanaambiwa Kiingereza na dukani wanaambiwa Kiarabu, na wanavijua vyote viwili, hakuna anayewazuia. Lakini usiku bibi zao wakipiga simu hawana cha kuwaambia. Nilisema yule mwanamke aliwapa chumba kimoja ambamo Rukia na Kelvin wanajifunza mvua inatoka wapi kwa maneno yale yale, na kwamba hakuna mtoto hata mmoja aliyebadili dini kwa sababu ya mvua. Nilisema nimemwona Bwana Swaleh akimshikia Kelvin daftari. Nimemwona Baba Kelvin akimfunga Rukia kamba za viatu pale mlangoni, kwenye dua zenu. Nilisema mkiwagawa leo, wakikutana wakubwa watasalimiana kwa lugha ya wageni. Nikalia, nikaendelea. Hakuna aliyenikatiza. Nilipochoka nikatoa jibu, nikasema ni umri. Kama nimekosea ni juu yako, hukutuachia jibu.

Bi Maimuna ndiye aliyesema kwanza. Alimwambia mumewe, mbele ya watu, "Rukia haendi pengine. Ukitaka Kiarabu mtafutie siku nyingine, siku ziko." Bwana Swaleh akasema tutaona, inshallah, na sote tukajua ameshaona. Baba Kelvin alitoka bila kuaga. Nilihesabu tumempoteza. Ijumaa iliyofuata nikafungua mlango wangu hapa, nikamkuta amebeba viti vya plastiki kutoka hotelini kwao, tai shingoni, jasho linamtiririka. Alisema, "Watoto hawawezi kukaa chini, Mama Neema, hii siyo madrasa." Nikamwambia karibu baba, viatu nje.

Kwa hiyo sasa mimi ndiye mwalimu. Usicheke. Bado nasuka nywele, na Ijumaa nafundisha kwa daftari zako za masomo. Machungwa naendelea kununua. Ramani anafundisha Bwana Swaleh, ambaye bandari zote anazijua kwa jina na kwa ubaya wa maofisa wake, na anazifundisha kwa Kiswahili cha Mombasa, mpaka Neema siku hizi ananiambia "twenda" na "wataka". Juzi mama yangu alipiga. Neema alimtegea kitendawili, mama akashindwa makusudi, namjua, akampa Songea yote. Walikaa kwenye simu mpaka kadi ikakata.

Nakuahidi hivi, Bi Zuhura. Maadamu niko nchi hii, darasa halitagawanywa na halitabadilishwa lugha. Atakayetaka kuomba ataomba kwenye viatu. Nikiondoka nitamwachia Rukia, nimeshaanza kumwonyesha namna ya kusimama.

Jana nilipita kwako. Tingatinga limeshafanya kazi yake. Sebule, ukuta wa ramani, lile bomba lililokuwa linavuja, hakuna kitu, ni vifusi na kibao cha kampuni. Nilisimama nikingoja kulia, na kilio hakikuja. Mlinzi akanifukuza kwa mkono na kwa Kiingereza cha hapa, "Yalla, yalla, madam, hakuna kitu hapa." Nikamjibu kwa Kiswahili, ambacho hakukijua, nikaondoka taratibu nikiwa nimeinua kichwa.

Nilimwambia wamechelewa. Satwa tulikwisha kukupa, na mji ukishatolewa haurudi.

Mwanao,
Mama Neema