Kijani Yenye Haina Madini

Siku ya Mungu, mwezi wa saba. Baridi ya asubuhi inauma mpaka ku meno, hata ile yenye sina tena. Makamyo imeanza kupita ku barabara kubwa mbele ya jua, na vumbi imelala juu ya majani ya muhogo sawa unga. Mama Kapinga ameenda misa. Mi nilimwambia goti inauma.

Goti haiumi. Nilitaka kubaki peke yangu na hii simu.

Kapinga ni mutoto wetu wa kwanza. Njo yeye alinifungulia hii blogu, akasema, "Papa, bile bitu unatusumbuaka nabyo ku meza, uandike humu, basumbuke batu bengine." Basi musumbuke. Mi nilisoma mpaka darasa ya ine ya primaire, pale mwalimu na mi tulichokana. Makosa ya kuandika mukiiona, ni yake.

Lakini leo sina mchezo mingi. Kuna kitu imenikaa ku roho tangu nirudi konji, ile mapumziko yangu.

Nimependa.

Mama Kapinga, kama unasoma hapa, weka chini ule mwiko. Si mwanamuke. Ni muji.

Kapinga aliolewa kule Lobito, ku Angola, pale reli inaishia. Bwana yake anafanya kazi ku port, yeye anasuka nywele. Alitutumia tikiti mbili za treni. Mama yake akakataa tangu mulangoni. "Konji? Mutu wa pensheni anachukua konji ya kazi gani?" Mi miaka yote nilikuwa soudeur, naunganisha byuma bya benyewe, na konji yangu ilikuwa kwenda kulima Mutshatsha. Nikasema, mara moja tu mbele ya kufa, nitakaa bila kushika jembe. Nikaenda peke yangu.

Mpaka Dilolo nilipanda kamyo ya jirani yetu Saidi, juu ya magunia. Matako yangu inakumbuka kila shimo kwa jina. Kiisha nikavuka mupaka, nikaingia treni.

Mi nilizaliwa Kolwezi. Tangu utoto naona ile reli inapita inaenda upande wa jua kushuka, na hata siku moja sikujiuliza inafuata nini kule. Kumbe inaenda kuona bahari. Chuma ilinishinda akili.

Namna gani nitaeleza ile muji? Ni kipande ya udongo kirefu sawa ulimi, imeingia mu maji. Upande moja bahari, upande ingine maji imetulia, na ndege ya rangi ya waridi inasimama mule na mguu moja sawa banafunzi banangoja kupigwa. Nyumba ya zamani ina balkoni ya mviringo sawa tumbo ya mukubwa wa kazi. Rangi imebanduka, lakini imebanduka vizuri. Ku ukuta ya depo moja mutu alichora mama mwenye kubeba beseni ya samaki, mukubwa mpaka kidole chake ya mguu inanifika ku kifua. Mwenye kunyoa nywele ana gita, anakunyoa nusu kichwa, anapiga wimbo, na unangoja. Mwengine anatundika picha zake ku kamba ya kuanika nguo, kati ya mashuka na suruali. Nilisimama mbele ya suruali moja saa mingi nikitafuta maana yake.

Kule njo nilikutana na tomson.

Tomson munamujua, ile samaki ya karton, mugumu sawa tofali, tunayokula na bukari, ule ugali yetu, kila juma. Maisha yangu yote sikumuona bila barafu. Ku soko ya Lobito mama mumoja ananionyesha moja, laini, inang'aa, macho wazi. Nikamwambia Kapinga, "Mwambie hii ni ya uongo, tomson ya kweli ni ngumu." Kapinga alikataa kutafsiri. Alisema ana heshima yake pale sokoni.

Lakini ile haikuwa aibu ya kweli. Aibu ya kweli ilikuwa ku muchanga.

Sisi batu ba Kolwezi tunatembeaka macho chini. Hata bamama, hata mapadri. Jiwe ikiwa na rangi, mukono inaenda yenyewe. Jiwe kavu inadanganya, kwa hiyo unaitia mate: kijani ikitoka, kuna shaba, nyeusi ya kung'aa ikitoka, kuna kobalti. Mutoto anajua ile mbele ya kujua kusoma. Sasa asubuhi moja niko natembea na Kapinga pembeni ya bahari, kila mutu anaangalia maji, mi naangalia chini. Na chini, ndugu zangu, kijani! Bipande bya kijani kila pahali, laini, mviringo, bimesambaa bila mulinzi, bila waya, bila polisi.

Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia. Nikaokota moja, nikailamba.

Chumvi.

Nikasema, sawa, chumvi ni ya bahari, shaba iko ndani. Nikajaza mifuko ya suruali. Nikamwendea Kapinga mbio, nikamwambia mu sikio, "Mutoto, usipige kelele. Tafuta magunia."

Nyuma yetu mutu akacheka, cheko ya mutu muzima, ya tumbo. Ilikuwa mama mumoja muzee sawa mi, kofia ya majani ku kichwa, kikapu ku mukono, na mu kikapu ile kijani imejaa. Akasema na Swahili yetu, ile ya Katanga kabisa, "Tata, uko unalamba bia ya batu!"

Bilikuwa bipande bya chupa. Batu banakunywa, banatupa mu maji, bahari inabisugua myaka na myaka mpaka binakuwa laini, kiisha inabirudisha.

Ule mama banamwita Dona Zita. Alikulia mu ukimbizi upande wetu wa Dilolo, wakati kwabo kulikuwa vita, njo maana ya ile Swahili. Sasa kazi yake ni kuokota bile bipande na kubibandika ku kuta: mulango, ukuta ya shule, choo ya mulokole mumoja. Anatengeneza samaki, treni, bamama. Batu benye kumwita banamulipa chakula, bengine banamulipa salamu. Kutoka siku ile nilikuwa naenda kwake kila asubuhi. Ananipatia sinia, mi nachagua kijani ya giza hapa, kijani ya maji pale, nyeupe ya maziwa kule. Mbele ya kila kipande natia mate, mazoea. Anasema, "Tata, acha kukojolea picha yangu na kinywa." Nacheka. Tunabandika. Upepo inapita. Hakuna mugodi inalipuka chini ya miguu.

Mara moja nilimuuliza kama alifurahi kurudi kwabo. Akasema, "Kwenu nilikuwa mugeni. Nikarudi kwetu, nikawa mugeni mwenye kusema vibaya kireno. Sasa mi naokota bichupa, sijiulize tena."

Ile neno nililala nayo.

Sasa nifike ku ile yenye kunifanya nidanganye goti.

Baba yangu balimuleta kutoka Kasai, jimbo ingine, kufanya kazi ku mugodi. Mi nilizaliwa hapa, Mama Kapinga alizaliwa hapa, kitovu chetu kiko chini ya hii vumbi nyekundu. Lakini munajua ile wakati batu ba hapa balisimama bakasema batu ba Kasai barudi kwabo. Tulikaa ku gare pamoja na batu mingi, tunangoja treni ya kutupeleka kwetu, pahali mi sijawahi kuona hata kwa picha. Mama Kapinga alibeba matela, ile godoro yetu, ku kichwa mpaka pale. Kapinga, mudogo, alikuwa analala juu yake, kati ya batu na masufuria. Treni ikafika. Batu bakapanda mpaka ku madirisha. Mama Kapinga akaangalia ile treni, akaangalia mi, akarudisha matela ku kichwa, akageuka. Sikubishana. Nilimubeba mutoto, tukarudi mu nyumba, tukafunga mulango, tukangoja. Mungu alijua la kufanya na sisi.

Ku njia alisema neno moja tu: "Mi na hii matela, treni hatupandi."

Na hapandi, kweli. Kwa hiyo tikiti yake iliozea mu kabati.

Ku Lobito baliniuliza pia, "Unatoka wapi?" Nikasema Congo. Bakasema, "Ah, Congo!" bakaniongeza samaki. Swali ikaisha pale. Hapa nilipozaliwa, nikisema Kolwezi, mutu anangoja kidogo, anauliza tena: "Hapana, lakini kwenu kabisa?" Muzee sawa mi, na ile swali bado inanishtua sawa mutu aliyenisukuma mugongo.

Ajabu ni hii. Kule mi ni mugeni kweli, na sikuona uzito yake.

Siku ya kurudi, Kapinga alinishika mukono ku gare. "Papa, chumba cha nyuma kiko. Ni chenu. Ukimusemesha Mama, mukuje." Nikasema sawa. Nikarudi na kipande moja ya kijani mu mufuko, na ile neno haijatoka mu kinywa yangu mpaka leo.

Kapinga amechoka kungoja. Kuna batu banataka kupanga kile chumba. Ameandika jana: "Papa, siku ya Mungu unipe jibu."

Siku ya Mungu ni leo.

Na si kwamba hapa tunakaa tu. Mugodi inasogea. Bakilipua, sahani zinacheza mu kabati, na ukuta wa chumba chetu umepasuka kutoka juu mpaka chini, mukono wangu unaingia. Bale ba mugodi balipita bakatia namba nyekundu ku kila nyumba ya avenue yetu. Mbele ya mvua, tutahamishwa, batupatie kiwanja kule ku njia ya Mutshatsha. Kuhama tutahama. Lakini nitasema namna gani kwa mwanamuke mwenye alikataa treni ya kufukuzwa, kwamba mi nataka tupande treni kwa kupenda?

Mi mwenye kuchokoza avenue nzima, naogopa kuchokoza bibi yangu.

Naendelea. Ni nyuma ya chakula sasa.

Mama Kapinga alirudi misa na kitenge chake cha kwaya. Alikuta simu iko wazi juu ya meza, mi nimeenda choo. Kusoma anasoma kunishinda. Yeye alimaliza primaire na mwalimu wake bado anamusalimia. Pale nilirudi, simu ilikuwa imelala kichwa chini, na yeye hakuwa mu nyumba.

Nikaangalia ku dirisha. Alikuwa nyuma, pembeni ya robine ya maji, amesimama mu jua. Mu mukono ana kile kipande changu, kile nilikuwa nimeficha mu soksi. Anakigeuza. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Akakilamba.

Nilifunga kinywa na mukono nisicheke.

Akakiinua juu, jua ikapita ndani, na doa ya kijani ikamuanguka ku shavu. Akakaa vile. Sikumbuki kama niliwahi kumuona anaangalia kitu namna ile, kitu chenye hakiliwi na hakivaliwi.

"Tata Kapinga, toka ku dirisha, nakuona."

Nikatoka.

"Haina madini," akasema.

"Haina."

"Ni chupa tu."

"Ya bia."

"Na kule iko mingi?"

"Bahari inaleta kila asubuhi. Hakuna mutu anakufukuza pale."

Akaosha kile kipande mu beseni. Ku mbali bakalipua, hata siku ya Mungu, na maji mu beseni ikatetemeka. Yeye hakutetemeka.

"Na ule Zita wako, ana bwana?"

"Sijue. Ana kofia."

"Hmm." Akafuta kile kipande ku kitenge. "Kwetu ni hapa, Tata Kapinga. Batie namba, babomoe, kwetu ni hapa. Usisahau."

"Sisahau."

"Nikienda, ni mi naenda. Hakuna mutu amesema niende."

"Hakuna."

Akaanza kutembea kuelekea jikoni. Ku mulango akasema bila kugeuka, sauti ya kuagiza chumvi: "Matela mi sibebi tena. Kapinga anunue ingine."

Nilibaki pale na beseni.

Nimempigia Kapinga sasa hivi. Akauliza, "Papa, Mama amesema nini?" Nikasema, "Amesema ununue matela." Kiisha nikamusikia analia, mutoto mwenye alilala ku gare, mama mwenye batoto bake sasa. Sikumwambia anyamaze. Mi pia nilikuwa na kazi na macho yangu, ile vumbi munajua.

Jikoni Mama Kapinga yuko anapika majani ya sombe kwa chakula ya magaribi, anaimba wimbo ya kwaya. Kipande changu sijue amekiweka wapi. Nikimuuliza, ataniuliza na mi juu ya ile uongo ya goti.

Nazani kesho goti itaamka imepona.