Msiezue Nyumba ya Bibi

Kitwe, Zambia

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuomba ukae ule kitu kwanza ndipo uisome barua hii, maana nakujua, ukiwa na msiba chakula hakikupiti kooni. Na baba je, mgongo unamwendeaje na baridi hii ya Mbozi? Sisi huku ni wazima wa mwili. Mke wangu anakupa pole, analia kuliko mimi.

Barua yako niliipata kwa yule dereva wa lori wa pale Mpemba. Alinikuta gereji nachomelea geti, akavua kofia, akanipa bahasha kwa mikono miwili. Nikajua. Nilipoisoma, bibi alikuwa ameshazikwa siku nyingi. Siwalaumu mama, maiti haiwezi kumngojea mtu aliyeko Kitwe. Lakini inaniuma, inaniuma sana.

Unajua alivyonilea miaka yote mliyokuwa Mpemba mkiuza mahindi. Kwa kuwa nina jina la babu, hakuniita mjukuu hata siku moja, nilikuwa "mume wangu". Nikirudi shule na njaa anasema, "Mume gani huyu, anarudi mikono mitupu halafu anataka ugali?" Huku anapakua. Wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuja na pikapu zao, mmoja alipima gunia letu, bibi akautazama mzani, akamwambia, "Mwanangu, mzani wako una njaa. Kaa nao mle viazi kwanza, kisha tupime tena." Jamaa akala, akacheka, akapima upya, na uzito ukapanda.

Na siku nilipomleta mke wangu, bibi alijifungia ndani, eti ameporwa mume mchana kweupe, hatoki mpaka apewe kuku. Mke wangu hajui Kinyiha, bibi hakujua Kibemba, ila jioni niliwakuta wanapukuchua mahindi na kucheka. Sijui walikuwa wananisema nini.

Sasa mama, hili la baba mdogo. Umeandika anataka kuiezua nyumba ya bibi mara tu matanga yakiisha, bati akaezekee duka lake la Tunduma, kwa kuwa nyumba haina mtu tena. Mimi sigombei bati. Achukue zote, na mlango achukue. Ila angoje nifike. Tajiri ameniruhusu mwisho wa mwezi, nitakuja na lori hilohilo. Akishikilia, mwambie mume wa marehemu amekataza. Atacheka, lakini najua atangoja.

Nyinyi mlimuuguza, mkamwosha, mkamwona akishushwa kaburini. Mimi nimeona karatasi tu. Juzi sokoni nimekuta kitenge cha bluu, ile anayoipenda, nikaanza kuelewana bei na mwenye duka. Tulishakubaliana ndipo nikakumbuka. Yule mama akadhani nimeona ghali, akanipunguzia.

Nisalimie baba. Nisalimie shangazi, mwambie asante kwa kulala chini kando ya bibi siku zile zote. Dada yangu na wanawe nawakumbuka. Na baba mdogo msalimie pia, asininunie.

Nina ombi moja tu. Siku nikifika, mtu asitoke kunipokea. Mniache nipite moja kwa moja mpaka mlangoni kwa bibi, nipige hodi, asiitike. Hapo ndipo nitaamini.

Mwanao,
Lazaro