Mlinzi wa Mazishi

Pine Ferry, Mississippi
Jumatano asubuhi

Dada yangu Odessa,

Salamu nyingi zikufikie huko Chicago, wewe na shemeji na wale watundu wako. Goti limekubali ngazi, au bado linakusumbua? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo mgonjwa. Nasikia umeshanunua gauni la kuja kunipigia makofi mwezi ujao nikivishwa nishani. Soma kwanza barua hii yote. Habari za Bi Verlene ulizipata kwa simu, lakini hukuzipata zote.

Wajua siku zangu za mapumziko nalinda mazishi. Familia hunikodi, navaa sare ileile ya polisi na bastola ileile, nasimama mlangoni. Mkuu wetu hachoki kuturudia kwamba anayekulipa siku hiyo amekodi miguu yako, hajakodi kiapo chako. Ukimwona mhalifu, mkamate, hata kama aliyekukodi ni mama yake.

Alhamisi ile nilikodiwa na Bi Lorraine Pettway, anamzika mwanawe mdogo, Keyon, aliyepigwa risasi akinyolewa kwa kinyozi. Watu walikuwa kwenye foleni kanisani kuaga mwili. Kaka wa marehemu, Tavares, alisimama na wabeba jeneza wenzake. Mara akamwona kwenye foleni jamaa anayesemekana ndiye muuaji, amekuja na miwani yake ya jua, hana hata haya. Tavares akamuuliza kama amekuja kuhakikisha kazi imekwisha, akachomoa bastola.

Bi Verlene, aliyekufundisha kuimba na aliyetupikia mwaka mzima mama alipofariki, akajitupa katikati na glavu zake nyeupe za uhudumu wa kanisa. Akamwambia Tavares, mwanangu, si humu, nipe hicho kitu. Risasi ikampata shingoni. Damu ikarukia maua. Watu wakakanyagana, nikasikia mkono wa mtu ukivunjika chini ya benchi. Tavares akainua bastola tena, nikampiga tatu za kifua. Akaangukia jeneza, likapinduka, Keyon akamwagika sakafuni juu ya kaka yake. Bi Lorraine akatambaa katikati ya wanawe akinipigia kelele: "Rudell! Nilikukodi unilindie, umenimalizia!" Bi Verlene alinifia mikononi, amenishika kola.

Magazeti yananiita shujaa. Shujaa? Thubutu!

Dada, Tavares alikuwa anasakwa. Picha yake ilikaa wiki mbili ubaoni kituoni kwetu. Alimchoma mtu kisu kwenye kituo cha mafuta. Nilimtambua saa nzima kabla, aliposhuka garini. Nilishika redio niite wenzangu. Bi Lorraine akanikamata mkono, akaniambia, afande, leo wewe ni wangu, mwache amzike mdogo wake, akitoka makaburini mfunge hata kwa minyororo. Nilimwonea huruma, nikazima redio. Hata kumpekua sikumpekua, naogopa kumwaibisha mbele ya waombolezaji. Kwenye ripoti nimeandika kwamba sikumtambua mpaka alipotoa bastola. Bi Verlene ningemwokoa kwa neno moja tu redioni.

Wapelelezi walimuuliza Bi Lorraine, akasema hatukuzungumza lolote. Jana nilimfuata kwake, hakunifungulia. Alisema nami akiwa nyuma ya mlango, kwamba nikifungua kinywa mji mzima utajua ni yeye aliyemwombea mwanawe aingie na silaha. "Nimezika wawili, afande. Usinizike na mimi."

Sitamtaja. Yeye aliomba kama mama. Aliyekula kiapo ni mimi. Lakini kesho saa tatu naingia kwa mkuu, naungama kwamba nilimtambua mapema, na kuweka beji mezani. Kazi nitapoteza, na huenda jela ikanipokea. Liwalo na liwe.

Ila jela siiogopi kama ninavyoogopa mchana wa leo. Ijumaa tunamzika Bi Verlene. Binti yake, Charlesetta, alinipigia jana akilia, akaniomba nisimame mlangoni niwalinde, maana baada ya niliyomfanyia mama yake, anasema, hamwamini polisi mwingine yeyote. Nilimwitikia ndiyo. Nikishaitia barua hii posta naenda kugonga kwake kumwambia kwa nini siwezi.

Wabusu watoto. Shemeji mpe mkono wangu. Niombee, hata kama umenikasirikia.

Mdogo wako,
Rudell