King'ora Kilichovishwa Kofia

Craig,

Nyama ya kondoo iko kwenye friji. Ichome nje, hata mji wote wa Hobart ukilowa.

Asubuhi nimeunguza mkate, moshi umejaa jikoni, king'ora cha moshi kimya! Nikapanda kiti. Kumbe kimevaa kofia yangu ya kuogea. Jumapili mvua ilipokufukuza ukakaangia soseji ndani, ukakivisha kisikupigie kelele, ukasahau. Nilipoiulizia kofia, ukamsingizia mbwa!

Siku nne mwanetu Tegan kalala bila mlinzi, kisa soseji zako.

Kifute vumbi, ukitie betri hii mpya. Bonyeza kitufe mpaka majirani watutukane. Kofia ~~nimeitupa~~ iko juu ya mto wako, inanuka mafuta.

Halafu omba radhi. Anza na mbwa. Yeye husamehe haraka.

Mkeo, mwenye nywele mbichi