Mkanda wa Begi la Shemeji

Dada yangu,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila joto halijapungua, na kibanda changu cha cherehani kimekuwa tanuri. Barua yako nimeipata. Unanishukuru kwa kumrudisha mumeo mzima kutoka milimani, na nilipoyasoma maneno hayo chakula kilinishinda.

Kule juu hakuna nyumba wala kivuli, ni mawe na nyasi zilizokauka tu. Tulikuwa tunapita ukingoni mwa korongo mkanda wa begi lake ulipokatika. Begi likaporomoka na hema, chakula na maji yake. Akabaki ameshika kipande cha mkanda.

Najua amekwambia lilimponyoka. Halikumponyoka, dada. Mabegi yote mawili niliyashona mimi. Mikanda ya langu niliipiga mistari mitatu ya uzi. Lake nililimalizia mbiombio, nikapiga mmoja, nikajiambia litafika tu.

Alikitazama kile kipande, akalitazama begi langu mgongoni, akasema taratibu, "Jua la huku kali, shemeji. Hata uzi linaula."

Tukashuka kutwa nzima na chupa yangu moja ya maji, na kila tulipopumzika alininywesha mimi kwanza. Nilikunywa.

Kile kipande alikitia mfukoni mwa suruali yake ya kijani. Ukiifua, usikitupe. Utazame mshono wake kwanza, ndipo uniandikie tena.

Mdogo wako,
fundi