Bosi Kapiga Magoti

Chumba cha mwisho,
Nyuma ya kiwanda cha vigae.
Jumapili, tarehe 12.

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili, hiyo ni ya kuchelewa kujibu. Hujambo lakini? Kifua kimeachia? Mkaza mjomba bado anakuficha sigara? Aendelee hivyo hivyo. Sisi huku wazima. Mama mgongo unamsumbua akiinama tu, basi ameamua kutoinama. Baba yuko vilevile, anabishana na redio.

Najua unasubiri neno moja: nakuja kuanza ile kazi ya mapokezi uliyonitafutia, au siji. Tarehe mosi hiyo inakuja, na umeshanisemea kwa wakubwa wako. Jibu ninalo, ila ngoja kwanza nikusimulie, maana nikilitaja hivi hivi utaikunja barua kabla hujafika chini.

Kiwanda cha vigae kimeanza mpango wa kuinua biashara ndogo za mtaani. Safari hii si kugawa kofia na fulana! Vitu walivyokuwa wanaagiza mbali, sasa wanataka kununua kwetu. Wakabandika orodha getini. Watu walisoma wakaenda zao, mimi nikasoma mara tatu. Mifagio, mifuko, vikinga magoti. Yaani vile wanavyovaa mafundi wao wanaopiga magoti kutwa wakibandika vigae kwenye majumba. Unajua nilivyojifunza kushona, kwa kufumua begi la baba nione ndani kukoje (mpaka leo halijarudi kuwa begi). Nikasema, hiki changu.

Godoro kuukuu, mpira wa tairi, siku mbili, jozi ikawa tayari, nikaipeleka kwa mafundi. Ila, Mjomba, nilipimia magoti yangu mwenyewe, na unayajua yalivyo. Msimamizi wa mafundi, jibaba la watu, alivuta mikanda wee, haikufunga. "Dada, hivi umemshonea mbuzi?" Mafundi walicheka mpaka mmoja ikabidi akae juu ya ndoo.

Kisha yule jibaba akapandisha suruali anionyeshe. Goti jeusi, gumu kama kisigino. Akasema mkanda ukipita nyuma ya goti unakata, uteremshe chini kidogo. Nikatoa futi kamba. Wiki nzima nikawa nashinda kwao napima mmoja mmoja, usiku nashona upya.

Ikafika siku ya kukaguliwa. Bwana manunuzi, yule anayeamua kinunuliwe nini, akaja na suti yake. Akabonyeza kikinga kwa kidole gumba. "Laini. Hakitadumu." Akakiweka chini. Basi, imekwisha hivyo? Mdomo ukaniponyoka: "Samahani, bosi, kwani wewe unapiga magoti kwa kidole gumba?"

Mama, aliyenisindikiza, akanifinya mpaka leo pana alama. Lakini yule bwana akaitazama sakafu, akavivaa vile vikinga, akapiga magoti. Na suti! Jibaba akamkabidhi kigae. "Haya, bosi, bandika!" Nyuma mtu akapiga mluzi, "Leo kazi imempata mwenyewe!" Akabandika kimoja, kikakaa upande. Akabandika cha pili, cha tatu. Alipoinuka hata vumbi hakujipangusa. Akaniuliza kwa mwezi naweza kutoa jozi ngapi. Nikasema mia. Mia yenyewe sijui niliitoa wapi.

Wamenipa mkataba wa miezi mitatu, na wameniazima cherehani ya kushonea magunia. Imekula nusu ya chumba, nalala miguu ikiwa chini yake. Jirani yetu mshona nguo tunashona naye, mama anakata mpira akiwa ameketi. Mwezi uliopita tulifika jozi sitini na nne, na mwezi huu tutafika mia.

Kwa hiyo, Mjomba, siji.

Nisamehe. Najua uliniombea nafasi ile kwa jina lako, ndiyo maana naandika sasa, uwaambie wampe mwingine kabla hujaaibika kwa ajili yangu. Usinihofie. Miezi mitatu ikiisha kiwanda kisiponiongezea mkataba, mafundi wengine huko nje nao wana magoti.

Nisalimie sana mkaza mjomba, mabinamu wote, na yule mdogo anayeng'ata watu. Mama na baba wanakusalimu. Mungu akupe pumzi ndefu na usingizi mzuri.

Mpwa wako akupendaye ingawa haji,
Kiherehere