Karatasi Niliyokusomea kwa Tajwidi

Mpendwa dada yangu Mwanasha,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Nilikuwa nikijiambia ni watoto, ni mwani, ni uchovu. Si kweli. Nilikuwa naona haya.

Unaikumbuka siku wakala alipoleta hapa Kibuyuni mkataba wako wa kazi ya nyumbani huko Uarabuni? Uliniambia, "Soma wewe, ndiwe uliyehitimu." Nikajitanda mtandio, nikaisoma ile karatasi ya Kiarabu kwa tajwidi kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani, na maana sikuijua hata neno moja. Mama akaitikia, "Amin." Nawe ukanicheka: "Sauti hiyo, ungekuwa mwanamume ungetuadhinia!" Kisha ukaibusu karatasi, ukatia saini. Nani kati yetu angedhani kwamba herufi za msahafu zaweza kuandika ubaya?

Mstari mmoja ulinikaa kichwani kwa utamu wake. Nimekuwa nikiuimba nikifunga mbegu za mwani kwenye kamba. Juzi alikuja wakili mmoja wa kike kutoka Ukunda, kuzungumza nasi wenye ndugu huko Uarabuni. Nikamsomea. Ustadhi wetu wa chuo, aliyekuwapo, akautafsiri huku akitazama chini: "Pasi ya kusafiria ya mfanyakazi itakaa kwa mwenye nyumba."

Ndipo hapo hasa nilipovuta sauti zaidi siku ile ya saini, dada.

Wakili anasema hata sheria ya huko sasa inakataza kumzuilia mtu pasi yake, na serikali yetu na yao zimeandikiana mapatano. Sikujua nicheke au nilie. Mwani wetu ukivuka bahari, kila gunia lina karatasi yake. Likipotea moja, mnunuzi anapiga simu toka ng'ambo. Wewe mkataba wako uliisha kabla ya Ramadhani, na hakuna anayekuulizia. Ijumaa, walipokupa simu, ulisema, "Niko salama," kwa sauti ya mtu anayesimamiwa.

Zuhura wako nilimnyonyesha pamoja na wangu. Sasa ananiita mama. Namwambia, "Mimi mama mdogo, mama yako yuko safari." Anacheka, anadhani namtania.

Nilimwambia wakili kwamba mkataba naukumbuka. Akanijibu, "Kumbukumbu haitoshi, mamangu. Nataka karatasi."

Basi usitume nguo wala maziwa ya unga, na usiniambie tena uko salama. Barua hii naipiga picha nikutumie Ijumaa wakikupa simu, isome, uifute. Ninachohitaji ni hiki: picha ya mkataba, kurasa zote, hata ya nyuma iliyo tupu. Jina la mwenye nyumba, kama lilivyoandikwa mlangoni. Jina la mtaa. Na sauti yako: taja jina lako kamili, kisha useme polepole, kwa Kiswahili, "Nataka kurudi nyumbani." Usilie, ili isikike. Safari hii kila neno nitalijua maana.

Mdogo wako,
mama mdogo wa Zuhura